JSON Haiijui Kahawa Yako

Chukua daftari la wanachama elfu moja wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), liweke kwenye Map ya JavaScript, kisha lipitishe kwenye JSON.stringify. Utapata alama mbili tu: {}. Hakuna kosa litakaloripotiwa wala onyo litakalotokea. Faili litahifadhiwa, seva itajibu kwamba imepokea, na skrini itaandika "Imefanikiwa" kwa rangi ya kijani, ilhali wanachama wote elfu moja hawamo.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu unaijibu kwa ufupi kauli inayotawala fani yetu: "Ipitishe kwenye JSON, basi." Utaisikia popote panapoandikwa programu. Hapa Moshi utaisikia Soweto, ambako kijana mwenye laptopu moja anaweza kuwa ndiye idara nzima ya teknolojia ya AMCOS, ya duka la dawa na ya SACCOS, yote kwa mpigo. Simlaumu kwa kubanwa na kazi. Ninachokipinga ni imani iliyojificha chini ya kauli hiyo: kwamba kufungasha data, yaani kuitoa kwenye kumbukumbu ya programu na kuigeuza maandishi ya kuhifadhi au kutuma, ni shughuli ya zana tu, na anayefungasha hana haja ya kujua ndani mna nini.

Imani hii ina wafuasi wa kambi mbili zisizopatana. Kambi ya kwanza inasema JSON inatosha. Ya pili inaidharau JSON na kutafuta zana itakayobeba kila kitu: Map, tarehe, objekti zinazoelekezana kwa mzunguko, hata fankisheni zenyewe na msimbo wake. Wanagombania ukubwa wa gunia, na wote wanakubaliana kwamba linaweza kufungwa gizani. Hapo ndipo wote wawili wanapokosea.

JSON yenyewe haina hatia. Douglas Crockford aliipa jina na kuieleza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2006 ikapata hati yake, RFC 4627. Desemba 2009 toleo la tano la ECMAScript likaingiza JSON.stringify na JSON.parse ndani ya lugha. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakiifungua kwa eval, yaani kwa kuyaendesha maandishi ya mgeni kama programu yao wenyewe. Sifa ya JSON ni uchache wake: maandishi, namba, kweli na si kweli, null, orodha, na objekti za majina na thamani. Uchache huo ndio unaoifanya ieleweke na PHP, Python na Java bila ugomvi. Haikuahidi hata siku moja kuibeba JavaScript nzima. Tuliotoa ahadi hiyo ni sisi.

Sasa tuingie kwenye kahawa. Mkulima wa Kibosho au Uru anapeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi. Inapimwa, anapewa stakabadhi na malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa, inapangwa kwa madaraja, AA, A, B, PB na mengineyo, kisha inaingia mnadani, ambako bei hutajwa kwa dola kwa kila kilo 50. Mauzo yakishajulikana na makato yakishatolewa, ndipo malipo ya pili yanapotangazwa, na hapo huenda miezi imepita. Kumbukumbu ya mzigo mmoja, kwa hiyo, itafungashwa na kufunguliwa mara nyingi sana kabla hesabu haijafungwa: kwenye simu ya karani mahali ambapo mtandao unakatika, kwenye seva, kwenye nakala ya akiba, kwenye ripoti ya chama kikuu.

Malipo ya pili yenyewe yanatosha kuiaibisha kambi ya kwanza. Yana hali tatu. Huenda hayajatangazwa. Huenda yametangazwa lakini mkulima huyu hayamhusu, kwa kuwa aliuza kwa malipo ya mara moja. Au yametangazwa, yanamhusu, na ni sifuri kwa sababu mkopo wa pembejeo umeyameza yote. Mkulima anazijua tofauti hizo kuliko sisi sote, maana kila moja ina ugomvi wake. Mwandishi wa programu huiwakilisha ya kwanza kwa undefined, ya pili kwa null, ya tatu kwa 0, na ndani ya programu mambo yanakwenda vizuri. Kisha inakuja stringify. Ikikuta undefined ndani ya objekti, inafuta jina na thamani pamoja. Ikiikuta ndani ya orodha, inaandika null. Kwa hiyo "bado" imegeuka "haimhusu" kwenye orodha moja, na kwenye objekti nyingine imetoweka kana kwamba chama hakijawahi kusikia habari za malipo ya pili.

Uzito nao una masaibu yake. Karani anaandika 1,250 kwa mkato, kama tunavyoandika sote. Number("1,250") ni NaN, thamani ya JavaScript ya kusema "hii si namba". NaN ina angalau faida moja: ukiijumlisha na chochote, jumla nzima inaharibika, mtu anashtuka. JSON inaiandika null. Ikifunguliwa upande wa pili na kujumlishwa, null inahesabiwa kuwa sifuri: null + 40 ni 40. Kilo 1,250 zimepotea, na jumla inaonekana safi kabisa. Kosa lililokuwa likipiga kelele limezibwa mdomo njiani, na aliyeliziba ni zana tuliyoiamini.

Tarehe ndiyo inayonikera zaidi. Aina ya Date ya JavaScript si siku. Ni nukta ya wakati. Mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1990, akiandikwa kwa new Date(1990, 0, 1) kwenye simu iliyoko Moshi, anawekewa saa sita usiku ya hapa kwetu. JSON inaigeuza kuwa saa ya Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele, hivyo kinachoandikwa ni 1989-12-31T21:00:00.000Z. Simu ileile ikiyageuza maandishi hayo kuwa Date tena, siku inarudi ilivyokuwa, ndiyo maana majaribio ya ofisini hayagundui kitu. Lakini seva ya kukodi, ambayo saa yake ni ya Greenwich, ikikata herufi kumi za mwanzo ili kupata tarehe, na wengi hufanya hivyo, mtu huyo amezaliwa mwaka mwingine. Wapo wazee walioandikishwa 1 Januari kwa kuwa siku yao halisi haikuandikwa popote. Hao wote wanarudishwa mwaka mmoja nyuma, kwa mstari mmoja wa msimbo. Na asidhani mtu kwamba ataikamata kwa kuipa stringify fankisheni ya kusahihisha thamani: Date ina toJSON yake, na hiyo hutangulia. Fankisheni yako inakabidhiwa maandishi yaliyokwisha kugeuzwa.

Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kawaida ya JavaScript inaaminika kwa nambari nzima hadi 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Fomu ikiisoma namba ya NIDA bila vistari na kuigeuza Number, JavaScript haikatai. Inachukua iliyo jirani. Kwenye ukubwa huo, majirani wamepishana kwa 4,096. Watu wawili ambao namba zao zinatofautiana kwa mamia machache mwishoni wanaweza kufungashwa wakiwa mtu mmoja. Dalili yake haifichiki: kila namba inaishia na masufuri matatu au zaidi. Ukikuta daftari la wanachama ambalo kila kitambulisho kinaishia 000, usitafute mdukuzi. Waliosalimika ni wale walioacha vistari mahali pake, kwa sababu kistari kinailazimisha namba kuwa maandishi. RFC 8259 ya mwaka 2017 inaonya waziwazi kuhusu namba zinazopita uwezo huu, lakini onyo la hati halimzuii mtu asiyeisoma. Ukikimbilia BigInt, stringify inaikataa kwa TypeError, na kusema kweli hiyo ndiyo heshima kubwa inayokupa: inakwambia usoni kwamba haiwezi.

Yote hayo ni mambo ya thamani moja moja. Uharibifu mkubwa uko kwenye mahusiano, na hapa naomba tukae kidogo.

Tuseme ndugu wawili ni wanachama wa chama kimoja na wanalima kihamba kimoja walichoachiwa na baba yao. Ndani ya programu, kihamba ni objekti moja, na ndugu wote wawili wanaelekeza kwake. Ukibadilisha idadi ya miche kupitia kwa kaka, mdogo anaiona. Sasa kifungashe. JSON haina njia ya kusema "hiki ni kilekile nilichokitaja juu", kwa hiyo inakiandika kihamba mara mbili. Kikifunguliwa, vihamba ni viwili, kila kimoja na miche yake, na kuanzia hapo kila kimoja kinakwenda njia yake. Jumla ya eneo la chama imeongezeka. Mgawo wa miche, ukifuata idadi ya mashamba, umeongezeka. Huko mlimani watu wa ukoo mmoja hufikishana barazani kwa mpaka wa hatua chache; sisi tumezaa kihamba kizima bila hata kukata isale, mmea wa mpakani.

Kisa cha mzunguko kinajulikana zaidi kwa sababu kina makelele. Mwanachama anaelekeza kwa chama, chama kina orodha ya wanachama, orodha inamrudia mwanachama. Stringify inagoma na kusema muundo ni wa mzunguko. Hapo mwandishi wa programu anatafuta tiba, na tiba inayonakiliwa kila mahali ni mistari michache inayoweka objekti zilizokwisha kuonekana kwenye WeakSet na kuiruka yoyote itakayoonekana tena. Kelele zinakoma. Lakini soma tena inachofanya: haiulizi kama objekti inajizunguka yenyewe, inauliza tu kama imewahi kuonekana. Kihamba kimeshaonekana kwa kaka. Kwa mdogo, kinaondolewa. Mwanzo tuliwapa vihamba viwili, sasa mdogo hana hata kimoja, na mistari hiyo inasambazwa kama dawa.

Hapo mtu atanitajia structuredClone, fankisheni ya kunakili objekti, na anastahili kusikilizwa. Kanuni yake ilikuwa imefichwa ndani ya vivinjari kwa miaka mingi. Ikawa fankisheni ya wazi kwenye Node 17 mwaka 2021, na kufikia Machi 2022 vivinjari vikubwa vyote vilikuwa nayo. Inahifadhi Map, Set na Date, inavumilia mizunguko, na kihamba cha ndugu wawili inakirudisha kikiwa kimoja. IndexedDB ya kwenye vivinjari hutumia kanuni hiyohiyo, ndiyo maana kwa programu ya karani inayofanya kazi bila mtandao ningeichagua mbele ya localStorage, ambayo haijui kitu ila maandishi. Anayenakili objekti kwa JSON.parse(JSON.stringify(x)) mwaka huu hana kisingizio tena. Lakini structuredClone inatoa nakala ndani ya kumbukumbu, si maandishi ya kutuma. Objekti ya darasa lako Mzigo inarudi bila mbinu zake, na ukiiita kokotoa() utaambiwa haipo. Na Date inayoihifadhi kwa uaminifu wote ni ileile nukta ya wakati ambayo haikuwa siku ya kuzaliwa tangu mwanzo. Zana imekuwa bora. Bado haijui kahawa.

Kambi ya pili inasema: basi tupeleke kila kitu, hata msimbo. Hoja yao si ya kipuuzi. Makato hubadilika kila msimu: ushuru wa halmashauri, asilimia ya chama, marejesho ya pembejeo. Simu za makarani hazisasishwi kwa wakati. Kwa nini seva isitume fankisheni yenyewe ya makato pamoja na data, ifunguliwe kwenye simu na kufanya kazi?

Kwa sababu kinachosafiri si fankisheni. Tangu toleo la 2019 la ECMAScript, toString ya fankisheni inarudisha maandishi yake kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, na hilo linawadanganya watu kwamba wamepata kitu kizima. Fankisheni ya JavaScript ni maandishi pamoja na mazingira ilimozaliwa. Kama ndani yake imetaja kiwango kilichowekwa nje yake, maandishi yanabeba jina "kiwango" tu. Thamani inabaki seva. Simu ikiyafufua kwa eval au new Function, ama itakosa kiwango na kuanguka, ama, na hili ndilo la kuogopwa, itakuta kiwango kingine chenye jina hilohilo, cha msimu uliopita labda, na kukata fedha za watu kwa utulivu kamili. Aliyewahi kutumia Puppeteer anaufahamu mtego huu, kwa kuwa page.evaluate hutuma maandishi ya fankisheni kwenye kivinjari na kuacha mazingira nyuma.

Mozilla ilijaribu mapema kuliko wengi. Firefox ilikuwa na toSource na uneval, zilizoweza kuandika objekti, pamoja na fankisheni zake, kama msimbo wa kuendeshwa tena. Hazikuwahi kuwa kiwango rasmi, na mwaka 2020 kurasa za wavuti zilinyang'anywa toSource. Walioyaanza majaribio ndio walioyafunga.

Kisha kuna usalama, ambako sina subira hata kidogo. Anayekubali msimbo ndani ya data amekubali kuendesha kazi ya yeyote anayeweza kumtumia data. Mwaka 2017 maktaba ya node-serialize iliandikishwa kwenye orodha ya udhaifu kwa namba CVE-2017-5941: ilikuwa ikitambua fankisheni kwa alama maalumu ndani ya maandishi na kuzifufua kwa eval, hivyo mtu akiongeza mabano ya kuiita mwishoni, fankisheni inaendeshwa palepale inapofunguliwa. Desemba 2025 ikawa zamu ya wakubwa. React Server Components, katika namna ya kufungua mizigo inayotumwa kwa seva, ilikutwa na udhaifu CVE-2025-55182, uliopewa alama 10 kati ya 10: mtu asiye na nywila wala akaunti angeweza kuendesha msimbo wake kwenye seva. React inatunzwa na watu wenye ujuzi mkubwa. Kama wao walijikwaa hapo, kijana mmoja anayehudumia AMCOS tatu hana sababu ya kuipita njia hiyo.

Msimbo una njia yake. Ukurasa ukipakiwa, msimbo mpya unakuja, kwa anwani inayojulikana, kwa toleo linalojulikana. Makato ya msimu yanaweza kusafiri kama jedwali: jina la kato, kiwango, msingi wa hesabu, tarehe ya kuanza. Simu inajua kulisoma jedwali. Katibu wa chama pia anaweza kulisoma, akalibishia, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa fankisheni iliyofichwa ndani ya maandishi.

Ninachodai badala yake ni kazi ya kawaida, haina fahari. Kwa kila aina ya kumbukumbu inayotoka nje ya programu, andika fankisheni mbili kwa mkono, fungasha na fungua, na ndani yake uamue. NIDA ni maandishi. Siku ya kuzaliwa ni maandishi "1990-01-01", haina saa, haiguswi na Greenwich. Uzito ni gramu, nambari nzima, na neno gramu liko kwenye jina la kipengele. Malipo ya pili yana kipengele cha hali, kinachosema "bado", "hayahusiki" au "yametangazwa", na kiasi kinafuata pale tu hali inapokiruhusu. Vihamba vinaandikwa mara moja kwenye orodha yao, kila kimoja na kitambulisho, na ndugu wanakitaja kwa kitambulisho hicho. Juu kabisa kuna namba ya toleo, ili fungua ya mwaka kesho ikikuta kumbukumbu ya zamani isiyo na daraja la kahawa iandike "halijapangwa" badala ya kubuni. Maandishi ya mwisho ni JSON ileile. Fungua ikikuta kitu isichokitambua, inakataa kwa sauti.

Wataniambia hii ni kazi ya kuchosha na wateja hawailipii. Ni kweli haina malipo yake peke yake. Lakini KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilianzishwa 1933 na JavaScript 1995; madaftari ya kahawa yana mazoea ya kuishi kuliko aliyeyaandika, na aliyeyaandika siku hizi huwa ameshahamia Dar es Salaam kabla msimu wa pili haujafika. Anayekuja nyuma yake hatakuta darasa Mzigo wala mbinu kokotoa. Atakuta faili tu.

Wataniambia pia kwamba huu ni ushamba, na kwamba wenye kazi nzito wana zana za kuwaondolea maamuzi ya namna hii. Twitter, mwaka 2010, ilianza kutumia vitambulisho vya biti 64 kwa ujumbe wake, na hesabu ikaonyesha kwamba JavaScript ingevisoma vibaya, kwa sababu ileile inayoiharibu namba ya NIDA. Walikuwa na wahandisi tele, na wangeweza kununua au kutunga zana yoyote waliyoitaka. Walichofanya ni kuongeza kipengele cha pili, id_str, chenye namba ileile ndani ya alama za kunukuu.